Kurasa Hupangwa Kabla ya Makala Kuandikwa

Katika ofisi nyingi za majarida ya Kiswahili, msanifu kurasa ndiye mtu wa mwisho kuambiwa chochote. Makala hukusanywa kwa wiki tatu, picha hutumwa kwa WhatsApp zikiwa zimeshapoteza ubora, matangazo mawili huingia jioni ya mwisho, kisha vyote hutiwa kwenye flashi na kukabidhiwa kwake na agizo moja: kesho asubuhi faili liwe kiwandani. Matokeo yake tunayaona kila mwezi. Makala ya maneno elfu tatu imebanwa kurasa mbili kwa herufi za kuumiza macho. Nyingine ya maneno mia sita imenyooshwa hadi kurasa tatu kwa picha zisizohusika. Simulizi nzuri inakatizwa katikati ya sentensi kwa maelekezo ya kuendelea ukurasa wa 30, na huko msomaji anakuta aya mbili zimejibanza chini ya tangazo la magodoro.

Lawama humwangukia msanifu, ilhali kosa lilifanyika wiki tatu nyuma, siku mhariri alipogawa kazi bila kujua kila makala itakaa wapi na kwa ukubwa gani. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mpangilio wa kurasa ni uamuzi wa uhariri, na ramani yake yapaswa kuchorwa kabla mwandishi hajaanza kuandika. Kuipima hoja hiyo kunataka tutazame nguvu nne zinazogombania kila ukurasa, yaani karatasi, fedha, jicho la msomaji na lugha yenyewe, kisha tuwasikilize wanaoipinga.

Karatasi haina mjadala

Mwandishi huhesabu ukurasa mmoja mmoja. Mpiga chapa hahesabu hivyo. Karatasi ikikunjwa mara moja na kupigwa pini katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo jarida la pini lazima liwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Kwenye mashine kubwa za ofseti hesabu hupanda zaidi. Karatasi ya SRA1, yenye milimita 640 kwa 900, hubeba kurasa nane za A4 kila upande. Ikikunjwa mara tatu inakuwa kitita cha kurasa 16. Nusu yake, SRA2, hutoa kitita cha kurasa nane. Ndiyo maana jarida la kurasa 32 hupangika kwa urahisi: ni vitita viwili vya SRA1, au vinne vya SRA2, bila mabaki. La kurasa 34 haliwezekani kwa pini, na la 36 hudai karatasi ya ziada ipitishwe mashineni peke yake.

Tuchukue mfano wa jarida la kurasa 32 za A4 lililochapwa kwa SRA1, likiwa na jalada la kando la karatasi nzito. Kitita cha nje kina kurasa 1 hadi 8 na 25 hadi 32. Cha ndani kina 9 hadi 24. Kila ukurasa umeungana na mwenzake kwa kanuni moja: namba zao zikijumlishwa hutoa 33. Ukurasa wa 3 umeungana na wa 30, wa 10 na wa 23. Kumbe kurasa mbili zinazotazamana mbele ya msomaji, tuziite kurasa pacha, kwa kawaida hazikuwa kipande kimoja. Pacha wa kweli ni 16 na 17 peke yao, katikati kabisa penye pini.

Jambo hilo lina matokeo ya moja kwa moja. Picha iliyotandazwa kurasa za 10 na 11 huchapwa vipande viwili vinavyokutana siku ya kupiga pini. Mkunjo ukikosea milimita moja tu, mstari wa upeo wa bahari hukatika na uso wa mtu hupinda. Picha kubwa ya kutandaza ina haki ya kwanza ya kuomba kurasa za 16 na 17. Ikiwekwa kwingine, nyuso na maandishi vikae mbali na mkunjo. Tena, kama katikati pamekusudiwa bango la kubanduliwa na kubandikwa ukutani, mhariri akumbuke kwamba bango hilo huondoka na kurasa za 15 na 18 mgongoni. Makala ikipita hapo, msomaji atalazimika kuchagua kati ya bango na mwisho wa habari.

Kuna pia suala la kusogea. Unene wa karatasi za nje huzisukuma za ndani zitokeze, na kisu cha kusawazisha ukingo huzila za ndani zaidi. Katika kurasa 32 za karatasi nyepesi tofauti ni ndogo. Katika kurasa 80 za karatasi nzito, namba ya ukurasa iliyosogezwa mno ukingoni inaweza kukatwa. Picha inayofika ukingoni nayo huzidishwa milimita 3 nje ya mstari wa kukata, usije ukabaki uzi mweupe pembeni. Jarida linalobandikwa kwa gundi halina tatizo hilo la kusogea, ila halifunguki lote, hivyo pambizo yake ya ndani hupanuliwa. Haya si ya kuachiwa kiwanda. Upana wa pambizo huamua upana wa safu, upana wa safu huamua idadi ya maneno, na idadi ya maneno ndiyo anayopaswa kuambiwa mwandishi siku ya kwanza.

Rangi na tangazo

Kila upande wa karatasi ya rangi kamili hudai pleti nne, yaani mabamba ya kuchapia: ya samawati, ya majenta, ya njano na ya nyeusi. Jarida letu la kurasa 32, likichapwa kwa SRA1, lina pande nne na pleti 16. Likipelekwa kwenye mashine ya SRA2 linakuwa na pande nane na pleti 32. Likiwa la wino mweusi tu, pleti hushuka hadi robo. Pleti hazijali idadi ya nakala. Bei yake ni ileile uchape nakala mia tano au elfu hamsini, na ndiyo sababu rangi huliumiza zaidi jarida dogo.

Wachapishaji wenye mfuko mwembamba wana njia ya kati, nayo ni kulipia rangi upande mmoja tu wa kitita kimoja. Swali ni kurasa zipi zitapata rangi. Kwa mkunjo wa kawaida wa mara tatu, upande mmoja wa kitita chetu cha nje hubeba kurasa za 1, 4, 5, 8, 25, 28, 29 na 32. Upande wa pili hubeba 2, 3, 6, 7, 26, 27, 30 na 31. Idadi ni ileile na gharama ni ileile, lakini majarida mawili tofauti hutokea. Upande wa kwanza hutoa kurasa pacha mbili za rangi, 4–5 na 28–29, pamoja na kurasa nne zilizo pekee, ambazo zinafaa matangazo ya ukurasa mzima. Upande wa pili hutoa jozi nne kamili, nazo zinafaa simulizi za picha. Mhariri asiyeyajua haya humwachia mpiga chapa uamuzi wa uhariri bila kukusudia. Vibaya zaidi, muuza matangazo wake humwahidi mteja rangi ukurasa wa 11, na mteja hupokea tangazo la kijivu.

Namna ya kujua haina ufundi mkubwa. Chukua karatasi tupu, ikunje mara tatu, zipe namba kurasa zote 16 bila kukata, kisha ifunue uone zipi zimeangukia upande upi. Halafu muulize mpiga chapa kama mashine yake hukunja hivyo hivyo, kwa kuwa mikunjo hutofautiana.

Matangazo yana vita vyake. Jalada la nyuma, ndani ya jalada la mbele na kurasa za kulia za mwanzo ndizo ghali kuliko zote, kwa sababu msomaji anayefungua jarida la maandishi ya Kirumi huona kwanza upande wa kulia. Mhariri naye anautaka upande huohuo kwa mianzo ya makala zake. Suluhu inayofanya kazi ni kugawana maeneo. Sehemu ya habari fupi, mwanzoni, huwapa watangazaji kurasa za kulia. Makala kuu, katikati, hufunguliwa kwa kurasa pacha na hazikatizwi na tangazo hadi ziishe. Mtangazaji hulalamika kidogo mwanzoni, lakini hatimaye huelewa kwamba kurasa zinazosomwa kwa utulivu ndizo zinazomrudisha msomaji mwezi ujao.

Ujirani nao ni sehemu ya upangaji. Tangazo la pombe likitazamana na ushuhuda wa mgonjwa wa ini, au la mkopo wa haraka likikaa kando ya habari ya mjane aliyeuziwa nyumba yake, jarida linajiaibisha bila mtu yeyote kuandika uongo. Ramani iliyobandikwa ukutani huonyesha ajali hizo mapema. Faili zilizotawanyika kwenye kompyuta tatu hazionyeshi.

Jicho la msomaji

Msomaji wa jarida hasomi kwa mfuatano kama msomaji wa riwaya. Hupekua, husimama penye picha, hupima kichwa cha habari, huonja maelezo ya picha, ndipo huamua. Mwaka 1991 Mario Garcia na Pegie Stark wa Taasisi ya Poynter, Marekani, walichapisha utafiti wao wa kufuatilia macho ya wasomaji wa magazeti, nao ukaonyesha kwamba picha kubwa na vichwa vya habari ndivyo milango ya kuingilia ukurasa, na kwamba maandishi yenyewe huguswa kwa sehemu ndogo tu. Gazeti si jarida, lakini tabia hiyo yeyote aliyewahi kumwazima jirani jarida ameiona. Ukurasa usio na mlango hupitwa, hata kama ndani mna makala bora ya mwaka.

Mpangaji basi ana kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kumpa msomaji mazoea. Jarida la *Mambo Leo*, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilijenga wasomaji wake kwa vipengele vilivyorudi toleo baada ya toleo: barua, mashairi, hadithi, habari za miji. Mwaka huohuo *Time* la New York nalo lilianza likiwa limegawanywa katika idara za kudumu. Majarida hayo hayakuwa na uhusiano wowote, lakini yote mawili yalielewa kwamba mtu hununua toleo la pili kwa sababu anajua atakachokikuta.

Kazi ya pili ni kumshangaza. Alexey Brodovitch, aliyeongoza usanifu wa jarida la *Harper's Bazaar* kuanzia 1934 hadi 1958, alikuwa akitandaza kurasa sakafuni na kuzitazama zote kwa pamoja, akitafuta mwendo: ukurasa uliojaa ufuatwe na uliopumua, picha kubwa ifuatwe na ndogo nyingi, kelele ifuatwe na ukimya. Somo lake ni kwamba ukurasa hauhukumiwi peke yake. Ukurasa mweupe wenye picha moja ni anasa ukiwa peke yake; baada ya kurasa sita zilizosongamana ni pumziko. Makala tatu zinazofuatana, kila moja ikianza kwa picha ya mtu mmoja aliyeketi nyuma ya meza, huchosha hata kama kila picha ni nzuri. Mhariri anayesoma makala moja moja kwenye kompyuta hawezi kuuona uchovu huo. Anayetazama kurasa zote 32 zikiwa visanduku vidogo kwenye karatasi moja huuona mara moja, na kwa kuwa picha hazijapigwa bado, anaweza kumtuma mpiga picha alete nyingine.

Mgawo unaotumika sana ni wa sehemu tatu. Mbele hukaa mafupi: barua, habari za aya tatu, takwimu, maswali na majibu. Katikati hukaa makala kuu tatu au nne za urefu tofauti. Nyuma hukaa vya kudumu: mapitio ya vitabu, afya, upishi, mafumbo, na ukurasa wa mwisho wa mwandishi mmoja anayependwa. Wasomaji wengi hufungua jarida kwa nyuma, hivyo ukurasa huo wa mwisho usitupiwe makombo.

Lugha ina vipimo vyake

Hapa ndipo majarida ya Kiswahili hujikwaa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa violezo vingi tunavyotumia vimebuniwa kwa Kiingereza. Turudi kwenye ukurasa wetu wa A4 wenye upana wa milimita 210. Ukitoa pambizo za milimita 15 kila upande hubaki 180. Ukiugawa safu tatu zenye nafasi ya milimita 5 kati yake, kila safu ina milimita 57, na kwa fonti ya kawaida ya pointi 9.5 mstari hubeba herufi kama 37. Safu nne hushuka hadi herufi 27. Safu mbili hupanda hadi 57.

Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha usanifu wa maandishi, *The Elements of Typographic Style*, cha mwaka 1992, alipendekeza herufi 40 hadi 50 kwa kila mstari katika kurasa zenye safu kadhaa. Kiingereza huvumilia kushuka chini ya hapo kwa sababu kina viunganishi vya herufi mbili tatu vinavyojaza mapengo ya mstari. Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja: "hawakutuambia" lina herufi 13, "wanaowashughulikia" lina 18. Katika safu ya herufi 27 maneno mawili ya namna hiyo hayatoshi mstari mmoja. Ukilazimisha kingo zote mbili ziwe sawa, kompyuta hupanua nafasi kati ya maneno, na mifereji myeupe huteremka katikati ya aya. Uamuzi wa busara ni kuziacha safu nne kwa habari fupi na vijisanduku, kutumia safu tatu zenye ukingo huru upande wa kulia, na kuzipa makala ndefu safu mbili.

Ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari ni balaa la pili. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, hivyo "wananchi" hukatwa "wana-nchi", kamwe si "wan-anchi". Programu ikiachwa kwenye kanuni za Kiingereza hukata inavyojua yenyewe, na "ng'ombe" huweza kutenganishwa katikati ya sauti moja. Msanifu ama aweke kanuni za Kiswahili kama programu yake inazo, ama azime ukataji kabisa na akubali ukingo huru. Kuziacha kanuni za lugha nyingine zifanye kazi si chaguo.

Gridi nzuri hurahisisha yote haya. Willy Fleckhaus, msanifu wa jarida la Kijerumani *Twen* lililotoka kati ya 1959 na 1971, aliugawa ukurasa katika vipande 12 vyembamba. Kumi na mbili hugawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita, kwa hiyo gridi moja hubeba makala ya safu mbili, habari za safu tatu na tangazo la robo bila ugomvi. Jarida dogo la Dodoma au Kisumu linaweza kuichukua gridi hiyo bila gharama yoyote.

Kutoka hapo hupatikana namba ambayo kila mhariri anapaswa kuibandika mezani. Ukurasa wa safu tatu wenye mistari 60 kila safu, na maneno matano hadi sita kwa mstari, hubeba takriban maneno 1,000 ukijazwa maandishi matupu. Hakuna anayeujaza hivyo. Ukitoa kichwa, utangulizi na picha, hubaki maneno 500 hadi 650. Makala ya maneno 2,500 inahitaji kurasa nne au tano. Mwandishi aliyepewa kurasa tatu aambiwe maneno 1,700, na aambiwe kabla hajapanda basi kwenda kutafuta habari.

Katika historia ya maandishi yetu lugha imewahi kudai makubwa kuliko hayo. Gazeti la *Al-Islah*, lililotolewa Mombasa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kuanzia mwaka 1932, lilichanganya Kiswahili na Kiarabu. Chapisho la namna hiyo, Kiswahili chake kikiwa cha herufi za Kirumi, lina mielekeo miwili ya kusoma, na kila mwelekeo una ukurasa wake wa mbele. Jalada la mmoja ni mgongo wa mwingine, na upande wa thamani hubadilika kutoka kulia kwenda kushoto. Mchapishaji wa leo anayetaka kuwafikia wasomaji wa Zanzibar na Muscat kwa toleo moja la lugha hizo mbili atakutana na swali hilohilo, na itambidi alijibu kwenye ramani kabla ya jambo jingine lolote.

Wanaopinga

Wapo wahariri wenye hoja nzito dhidi ya kupanga mapema. Wanasema habari haijui kurasa. Mwandishi aliyetumwa kuandika kurasa mbili kuhusu soko la mwani anaweza kurudi na kashfa inayostahili kurasa sita, na ramani iliyochorwa mwanzoni itaibana. Ni kweli. Lakini ramani si mkataba. Huchorwa kwa penseli, na thamani yake huonekana hasa siku habari inapokua, kwa sababu huonyesha papo hapo nini kipunguzwe ili kurasa nne zipatikane. Asiye na ramani hupunguza chochote kilichochelewa kufika. Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua, na katika chumba cha habari kutopanga pia ni kuchagua, ila anayechagua ni saa ya ukutani.

Kundi la pili linasema kompyuta imeiondoa haja ya ramani. Enzi za herufi za risasi, na baadaye za kukata na kubandika kwa gundi, kuhamisha makala kulikula siku nzima, hivyo watu walilazimika kupanga. Tangu programu ya kusanifu kurasa ya PageMaker ilipotoka mwaka 1985, na ile ya InDesign mwaka 1999, makala huhamishwa kwa sekunde. Hoja hii huchanganya vitu viwili. Kuhamisha kumekuwa rahisi, kuamua hakujawa rahisi. Tena urahisi huo unaishia kwenye kioo cha kompyuta. Pleti ikishachomwa gharama ni ileile ya zamani, na picha ambayo haikupigwa haiwezi kuhamishwa popote.

Kundi la tatu linategemea kiolezo cha kudumu: kila toleo lirudie kurasa za toleo lililopita, ubadilishwe tu ujumbe. Kiolezo kina faida kubwa kwa ofisi ya watu watatu, na kwa sehemu ya mbele na ya nyuma ya jarida ndicho kinachofaa hasa. Kasoro yake huonekana katikati. Makala kuu zikivaa sare moja, msomaji hawezi kujua ipi mhariri anaiona kubwa. Kiolezo hujibu swali la umbo na kuliacha swali la uzito.

Ushahidi bora wa kuunga mkono ramani umekuwa mikononi mwetu muda mrefu, nao ni katuni. *Sani* la Dar es Salaam, lililowapa wasomaji akina Lodi Lofa na Madenge, na *Shujaaz* la Kenya, lililoanza mwaka 2010 likitolewa ndani ya gazeti, ni machapisho ambayo hayawezi kuandikwa kwanza yakapangwa baadaye. Mtunzi wa katuni hujua tangu mstari wa kwanza ana kurasa ngapi, kila ukurasa una fremu ngapi, na kicheko au mshtuko uangukie wapi ili msomaji afunue ukurasa. Mwandishi wa makala hajawahi kudaiwa nidhamu hiyo, na pengo linaonekana.

Simu ya mkononi

Majarida mengi sasa husambazwa kama faili la PDF kwenye simu. Hesabu yake ni kali. Kioo cha simu kina upana wa milimita 70 hivi, theluthi moja ya A4. Herufi za pointi 9.5 huonekana kama za pointi 3 na ushei, na msomaji hulazimika kuvuta ukurasa kwa vidole, ateremke safu ya kwanza, apande juu, ahamie ya pili. Wengi huacha kabla ya safu ya tatu. Kurasa pacha, zile zilizogharimu fikra nyingi, huonekana zimetenganishwa.

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kuchagua ukubwa wa A5 wenye safu moja tangu mwanzo. Karatasi inayotumika ni ileile, kurasa 32 zikiwa 64, na kwenye simu herufi hubaki karibu nusu ya ukubwa wake badala ya theluthi. Ya pili ni kukubali kwamba toleo la simu ni jarida la pili lenye ramani yake: safu moja, herufi kubwa, picha za wima, na matangazo kati ya makala. Kulituma faili la kiwandani kama lilivyo ni kumpa msomaji kazi ambayo mhariri ameikwepa.

Uamuzi

Nguvu zote nne zinaelekeza mahali pamoja. Karatasi huweka mipaka isiyobadilika, fedha huamua rangi na ujirani, jicho hudai mwendo, na Kiswahili hudai upana wa safu ulio wake. Hakuna hata moja inayoweza kutekelezwa vizuri usiku wa mwisho.

Mhariri anayetaka kuanza na toleo lijalo afanye mambo machache. Siku ya kikao cha kwanza, kabla ya kugawa kazi, achore visanduku 32 kwenye karatasi moja na kuandika namba. Azungushie kurasa za rangi baada ya kuzungumza na mpiga chapa. Aweke matangazo yaliyolipiwa, kisha vya kudumu, kisha makala kuu, na aache kurasa mbili za akiba zenye makala isiyochacha, kwa ajili ya tangazo linalochelewa au linaloghairi. Kila mwandishi apewe namba ya maneno na aina ya picha inayotakiwa, ya wima au ya mlalo. Msanifu kurasa aketi kwenye kikao hicho, awe na haki ya kusema hapana. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, na mabadiliko yote yaandikwe juu yake kwa mkono wa mtu mmoja.

Kazi hiyo huchukua saa mbili na haigharimu shilingi. Jarida lisilotenga saa hizo hulipa baadaye, kiwandani, kwa bei ya pleti.